Kazi unayoiweza na kazi unayoipenda: amua kwa daftari, si kwa hasira

Mwezi wa tatu kijana mmoja aliniletea suruali ipunguzwe pindo. Nikiwa nimepiga magoti na chaki mkononi, akaniuliza bila kuniangalia: "Fundi, wewe uliachaje kazi ya ofisi?"

Swali hilo halinishtui tena. Kibanda changu kiko hapa Nakuru, Kenya, karibu na soko, na walionijua nikiwa karani wa hesabu bado hushangaa kunikuta nyuma ya cherehani. Kijana mwenyewe ni fundi wa umeme wa magari. Anasikia tu gari likinguruma, anakwambia altaneta imekufa. Lakini roho yake iko kwenye kupiga picha za harusi, na siku hiyo alikuwa amebakisha kidogo tu amtupie bosi wake funguo za gereji.

Nilimwambia asitupe kitu mpaka anunue daftari. Haya hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na yale niliyoyasahau siku hiyo nikayakumbuka jioni nikisonga ugali.

Kwanza ujue anayekuambia ni nani. Nilikuwa karani wa hesabu miaka tisa katika duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi, na kazi niliiweza. Leo nashona siku nne kwa wiki, na siku mbili natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo watano. Kufika hapo kulinichukua zaidi ya miaka miwili. Kama unatafuta mtu wa kukuambia ufuate moyo na riziki itakufuata, hapa umebisha hodi nyumba siyo.

Hatua ya 1: Andika unachokifanya, siku 14

Ukisema "siipendi kazi yangu" bado hujasema kitu, kwa sababu kazi ni mambo mengi yaliyofungwa kamba moja. Ukarani wangu ulikuwa kuhesabu stoo, kulinganisha stakabadhi, kuandika malipo, kuwapigia wadeni simu, na kumsubiri tajiri Jumamosi jioni mpaka aamue kufunga. Fungua kamba hiyo uone kilichomo.

Kila jioni, kwa wiki mbili, andika mambo uliyofanya na muda wake. Mbele ya kila moja weka alama mbili. Ya kwanza: je, nimeifanya vizuri kiasi kwamba mtu mwingine angekiri? Ya pili: muda ulipoisha, nilitaka kuendelea? Ndiyo au hapana, usiandike insha.

Daftari langu bado ninalo. Ukurasa mmoja unasema: "Jumanne. Mifuko 40 ya simenti haionekani kitabuni. Nimeitafuta saa nne mpaka saa nane. Delivari mbili ziliandikwa kama moja. Sikula mchana." Ndiyo zote mbili. Ukurasa wa pili yake: "Ijumaa. Simu za madeni, dakika 50. Nimeosha kikombe mara tatu ili nisianze."

Mimi niliyekuwa nikiapa kwamba nachukia hesabu, nilikuta nachukia madeni na Jumamosi. Bila daftari ningetupa jongoo na mti wake, na mti wenyewe ndio unaonilipia kodi leo.

Kabla ya kuendelea, jiulize swali hili: ukiambiwa kesho unahamishiwa kwingine, kazi ileile, mshahara uleule, ila msimamizi ni mwingine na unaenda kwa miguu, bado ungeacha? Ukisitasita, tatizo lako ni mahali. Nina rafiki muuguzi kule Kakamega aliyekuwa tayari kuacha uuguzi akauze nguo. Kumbe kilichomchosha ni zamu za usiku na kupanda matatu mbili. Alihamia zahanati ya karibu na kwao, na habari za kuuza nguo sijazisikia tena.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu chafu ya kazi unayoipenda

Hapa ndipo wengi hupotelea. Mtu anapenda kuku, anadhani anapenda kufuga kuku. Kuku wa mayai hula miezi minne na nusu hivi kabla hajataga yai la kwanza, na miezi hiyo yote wewe unabeba magunia ya chakula, unachanja dhidi ya kideri, unabadilisha maranda yaliyolowa kinyesi na maji, na unaamka usiku kuangalia kama joto la vifaranga halijashuka. Ukiweza kuyasoma hayo na bado mikono ikakuwasha, basi wewe ni mfugaji. Kama kilichokuvuta ni trei za mayai zimepangwa dukani, wewe ni mteja mzuri.

Au nenda Kisumu, ufuko wa Dunga, jioni. Upepo, mashua, samaki wa kukaanga, watu wamekunja suruali wanapiga picha. Binti mmoja wa jirani yangu alirudi kutoka huko akisema anataka biashara ya samaki. Nikamwambia arudi tena, ila afike alfajiri. Akakuta akina mama wanabishania bei ya sato kabla hakujapambazuka vizuri, barafu ya kugombania, na kichwani hesabu ya saa ngapi mzigo utafika Nakuru kabla macho ya samaki hayajaingia ndani. Wauza omena nao wanaangalia mawingu kuliko wanavyomwangalia mteja, maana omena iliyoanikwa ikinyeshewa hasara ni yako peke yako. Binti alikaa siku tatu. Sikumcheka; siku tatu ni bei rahisi sana ya kujua ukweli.

Kwa ushonaji, sehemu chafu ni kufumua. Umeshona mkono wa gauni, umepiga pasi, unagundua umekaa nyuma mbele. Unachukua wembe na kufumua tundu kwa tundu, na kitambaa chepesi ukikivuta vibaya kinabaki na matundu kama chujio. Mimi nikifumua huwa naimba. Sijui kwa nini. Nilipojishika naimba saa nne usiku nikifumua kola ya shati la mume wangu, ndipo nilipoanza kujiamini kwamba jambo hili si tamaa ya kupita.

Yule kijana wangu wa picha nilimuuliza: baada ya harusi, nani huketi na zile picha elfu mbili, kuchagua, kurekebisha rangi, kujibu simu za bibi harusi anayesema shavu lake limenona? Akanyamaza. Hata kazi ya picha ina sehemu isiyopigwa picha.

Hatua ya 3: Pima uwezo wako kwa watu wasiokuhurumia

Mama yako atasema unashona vizuri. Wifi yako pia, hasa kama humtozi. Kipimo changu ni watu watatu usiowajua, waliolipa bei kamili, na angalau mmoja akarudi bila kuitwa.

Mteja wangu wa kwanza asiyekuwa ndugu alileta kitenge cha yadi sita, chenye ndege wanaoruka juu. Nilikata usiku, nimechoka, nikageuza kitambaa ili nibane nafasi. Siku ya kujaribu, upande wa mbele ndege walipaa na upande wa nyuma wote wanaanguka kichwa chini kama waliopigwa manati. Yule mama hakunitukana. Alijitazama kwenye kioo, akajigeuza, akasema, "Fundi, hawa wamekufa lini?" Nilimnunulia kitenge kingine na gauni la pili nikashona bure. Faida yangu ya miezi miwili ilikwenda hapo, lakini tangu siku hiyo sikati kabla ya kuweka mshale wa chaki kwenye kila kipande. Na alirudi.

Ukiona uwezo wako bado mdogo, hiyo si hukumu. Nenda ukakae chini ya fundi. Kwa kazi za mikono, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na hata aliyejifunzia kibandani anaweza kuifanya. Cheti chenyewe hakitakuletea wateja wa mtaani, ila ukitaka kuomba kazi ya kushona sare za shule au taasisi, utaulizwa karatasi.

Kwa aliye chini ya miaka 25, nina maoni ambayo vijana hawayapendi: mara nyingi hujui bado unapenda nini, unajua unavutiwa na nini. Shika unachokiweza, kiwe chako kabisa, kisha uone. Mimi kushika leja nilikupenda mwaka wa tatu, nilipoacha kuogopa kukosea.

Hatua ya 4: Hesabu, na hapa usijidanganye

Hii ndiyo hatua ndefu, na mhasibu ndani yangu haniruhusu kuifupisha.

Anza na pesa unayohitaji kwa mwezi ili nyumba isitikisike. Sehemu yangu mimi, mbali na ya mume wangu, ilikuwa hivi: kodi ya nyumba 9,000, chakula 12,000, karo ukiigawa kwa miezi 6,500, nauli, gesi, maji na umeme 5,000, mkopo wa sacco 7,200, ya wazazi nyumbani 3,000. Jumla 42,700. Usisahau ya wazazi. Ukiacha kuituma mwezi mmoja tu, kikao cha ukoo kitafanyika bila wewe.

Halafu andika kazi unayoipenda inaleta nini baada ya kutoa gharama. Usichukue mwezi mzuri. Kila biashara ina mwezi wa kujisifu: kwangu ni Januari, watoto wanaporudi shule na sare. Chukua miezi mitatu mibaya kuliko yote, ujumlishe, ugawe kwa tatu. Yangu ilikuwa 6,100, 7,800 na 8,300. Wastani 7,400. Nilikuwa na pengo la 35,300 na bosi aliyekuwa akinikera. Nilifunga daftari, nikaenda kazini kesho yake mapema kuliko kawaida.

Sasa yale yasiyoonekana kwenye hesabu hiyo.

Mkopo wa sacco. Uliukopa kwa sababu una payslipu, na kuna wenzako waliokudhamini. Mshahara ukikatika na marejesho yakasimama, sacco itawafuata hao. Wengi hulikumbuka hili wakiwa wameshaandika barua. Maliza mkopo kwanza, au nenda ofisini kwao ukakubaliane namna nyingine ya kulipa. Na kama wewe nawe umewadhamini wengine, akiba yako imefungwa hapo. Usiihesabu kama mtaji.

Makato. Kazini ulikuwa ukikatwa bima ya afya asilimia 2.75 ya mshahara bila hata kujua siku. Nje ya ajira, SHA, mamlaka ya serikali ya bima hiyo ya afya, hukadiria uwezo wa nyumba yako, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hiyo ni pesa ya kuweka kando mapema. NSSF nayo, ile akiba ya uzeeni, utachangia kwa hiari yako, na hiari bila tarehe huwa haifiki. Mimi hutuma tarehe tano ya kila mwezi, kabla ya kununua uzi.

Ushuru na karatasi. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuna ada yake. Leseni ya kaunti hutegemea aina na ukubwa wa biashara, kwa hiyo iulizie ofisini kabla ya kukodi kibanda. Mauzo yako ya mwaka yakizidi milioni moja, bila kupita milioni 25, kuna ushuru wa asilimia 3 wa mauzo yenyewe, si wa faida. Muuza nyanya na mshonaji hawaumii sawa hapo; anayebakisha kidogo kwenye kila shilingi ndiye anayeusikia.

Mkopo wa kuanzia. Usikope kununulia ndoto chombo. Hustler Fund ya mtu binafsi, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, kwa mfano, inataka pesa irudi ndani ya siku 14. Hiyo inamfaa anayenunua nyanya leo akauza kesho. Cherehani haijilipi kwa siku 14.

Ya mwisho ni akiba. Watu husema miezi mitatu. Mimi nasema sita, na mmojawapo uwe Januari, mwezi wa karo.

Hatua ya 5: Jaribu ukiwa bado unalipwa

Soma mkataba wako kwanza kuona kama unakukataza kufanya kazi nyingine. Kisha, ukiweza, mwambie mwajiri mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Mimi nilimwambia tajiri kwamba nashona, na baadaye kwamba nataka kuwatunzia watu vitabu Jumapili. Akasema sawa, mradi wasiwe wauza simenti.

Tumia likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa angalau siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12. Watu huzimaliza kwenye matanga na kupaka nyumba rangi. Mwaka mmoja mimi nilizipeleka zote kwa fundi mmoja mzee, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, nikifagia, nikipiga pasi na kukata. Niligundua jambo ambalo jioni zangu za kushona zilinificha: kuanzia saa tisa mgongo huuma mpaka unaona nyota. Nilinunua kiti kirefu zaidi kabla hata ya kununua cherehani ya pili.

Jaribio liwe na mwisho unaojulikana. Andika tarehe na kiasi: "Kufikia tarehe fulani, nikipata chini ya kadhaa, naendelea kuwa mwajiriwa na nashona kwa raha zangu." Mpe mtu mwingine akuwekee karatasi hiyo. Mimi nilimpa mume wangu, ambaye huweka karatasi vizuri kuliko anavyoweka siri.

Hatua ya 6: Milango iko zaidi ya miwili

Ukifika hapa na daftari lako, utaona uko kwenye moja ya njia nne: kubaki na kupenda kingine pembeni, kuhama mwajiri, kuchanganya, au kuacha kabisa.

Kubaki si woga. Najua mwalimu wa hisabati huko Bungoma ambaye angeweza kula kwa uimbaji. Alijaribu kutoza pesa kwenye harusi, na ndani ya mwaka mmoja akawa anachukia Jumamosi. Akaacha kutoza. Sasa anaimba kwaya tena na sauti imerudi. Penzi lingine ukilitia bei linachacha, na kulijua mapema ni heri.

Kuchanganya ndiko watu hudharau, na ndiko nilikoangukia. Ukiwa hodari wa jambo fulani, unaweza kuliuza kwa saa chache na bei nzuri, kisha saa zilizobaki ukazipa unachokipenda. Hesabu yangu iligeuka hivi: mkopo wa sacco uliisha, mahitaji yakashuka hadi 35,500. Wafanyabiashara watano, kila mmoja akinilipa 4,000, wakaleta 20,000. Zikabaki 15,500 za kutafutwa na cherehani, hata katika miezi mibaya. Zilipopatikana miezi mitatu mfululizo, nikaandika barua.

Hatua ya 7: Kuondoka

Kwa anayelipwa kila mwezi, notisi ni siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako umeweka zaidi. Dai cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe. Mkabidhi mrithi wako kila kitu, hata ile karatasi ya siri inayoonyesha kabati gani halifungi. Tajiri wangu tuliyekuwa tukinuniana ndiye huniita kila mwisho wa mwaka kuhesabu stoo, na hulipa siku hiyohiyo.

Nyumbani waambie ukiwa na namba mkononi. Mama mkwe aliniangalia muda mrefu, akauliza, "Mama, kwani kiti cha ofisi kilikuwa na kunguni?" Nikamfungulia daftari nikamsomea miezi mitatu. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza gauni la ibada ya mwaka mpya ningemtoza ngapi. Nilimtoza nusu.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tatu kuchukua suruali. Daftari lilikuwa mfuko wa nyuma, limepinda, lina alama za grisi. Nikamuuliza ni mstari upi una ndiyo zote mbili mara nyingi zaidi.

"Si picha, fundi. Na si nyaya pia." Akafunua kurasa mbili, akarudi moja. "Kuwaonyesha wale wanagenzi. Jumatano nimekaa nao saa tatu kwa betri moja. Hata sikuwa nimeiandika kama kazi; nilikuwa naiita kupoteza muda."

Akaivaa suruali juu ya ile aliyokuja nayo ili aone urefu, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Pindo lilikuwa sawa. Alinidai chenji ya hamsini, nikamwambia asubiri nitafute.